Fundi si Mwizi: Kwa Nini Jiko la Wiki Mbili Humalizika Baada ya Miezi Sita

Maofisini, kwenye daladala, katika vikao vya harusi na hata kwenye korido za vyuo vikuu vyetu, ukarabati wa nyumba uliovuka bajeti huwa na maelezo ya aina moja tu: fundi ni mwizi. Mtu alitaka kubadilisha sinki na kupaka rangi jiko lake, akapanga wiki mbili. Miezi sita baadaye familia bado inapikia uani, sinki jipya limeegemezwa ukutani likiwa ndani ya boksi lake, fedha zilizotengwa zimekwisha na ada ya shule imeguswa. Ukimuuliza kilichotokea, jibu ni hilo hilo. Wasikilizaji hutikisa vichwa kwa kukubaliana naye, kila mmoja huongeza kisa chake, na mjadala hufungwa.

Ninaandika makala haya ili kuufungua. Sitetei wizi. Wapo mafundi wanaouza saruji ya mteja, na wapo wanaopokea malipo ya awali kisha wakazima simu. Hao wana sheria yao. Hoja yangu ni kwamba majiko mengi huvuka mpango hata pale ambapo hakuna aliyeiba msumari mmoja. Huvuka kwa sababu mpango wenyewe haukuwapo. Tulichokiita makadirio kilikuwa ni matumaini yaliyoandikwa kwa tarakimu, na gharama ya matumaini hayo huwaangukia watu ambao hawakuyatamka.

Nianze kwa kuondoa dhana kwamba hili ni tatizo la Waswahili. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza tabia ya binadamu ya kukadiria muda na gharama za kazi kwa kujisimulia jinsi kazi yake itakavyokwenda vizuri, badala ya kuuliza kazi kama hiyo iliwaendea vipi waliomtangulia. Tuite tabia hiyo upotofu wa upangaji. Katika kitabu chake cha mwaka 2011, Thinking, Fast and Slow, Kahneman anataja uchunguzi wa mwaka 2002 uliowahusu Wamarekani waliokarabati majiko yao. Kwa wastani walitarajia kutumia dola 18,658. Walitumia dola 38,769. Hiyo ni zaidi ya mara mbili, tena katika nchi ambayo mikataba ya maandishi na wakandarasi wenye leseni ni mambo ya kawaida. Kama wizi wa fundi wa mtaani ndio ungekuwa chanzo, takwimu hizo zisingekuwapo.

Chanzo ni nini basi? Naona makundi matatu ya gharama ambazo hazikuwamo kwenye mpango: zilizofichika, zilizofichwa na zilizotamaniwa. Kisha kuna kosa la nne linalozidi yote matatu kwa ukubwa, nalo nitalifikia.

Tuanze na yaliyofichika. Chukua nyumba ya miaka ya sabini au themanini, zile zenye mabomba ya chuma ndani ya ukuta. Sinki linavuja. Fundi bomba analing'oa na kukuta ubao wa kabati chini yake umeoza. Kabati linatolewa, na nyuma yake plasta inadondoka kwa unyevu. Plasta inachongwa, bomba linaonekana, na bomba hilo limeliwa na kutu kiasi kwamba kiungo kipya hakishiki. Ili kulifikia bomba lote lazima vigae vya ukuta vivunjwe, na vigae vya aina ile havipatikani tena dukani, hivyo ukuta mzima unahitaji vipya. Fundi vigae naye anakataa kuanza kabla fundi umeme hajapita, kwa sababu nyaya zilizomo ziliwekwa enzi ambazo jiko lilikuwa na taa moja na soketi moja, na sasa tunataka jokofu, birika na jiko la umeme vifanye kazi kwa pamoja. Kila hatua ina sababu yake, na hakuna hata moja iliyomhitaji mwizi.

Hata hivyo, tujiulize kama mambo hayo kweli hayakuweza kujulikana. Fundi mzoefu akipewa nusu siku atafungua sehemu ya chini ya sinki, atagonga vigae kusikia vilivyo tupu ndani, atafunua chemba ya maji machafu, atafungua kisanduku cha umeme na kuangalia unene wa nyaya. Hatagundua yote, lakini atagundua mengi. Tatizo ni kwamba hatuko tayari kumlipa kwa hilo. Mteja wetu atamlipa fundi kwa kubomoa na atamlipa kwa kujenga, mwambie alipie uchunguzi, atauliza kwa mshangao, "Yaani nalipia kuangalia tu?" Mtu huyo huyo akienda hospitali hulipia vipimo kabla ya dawa, na daktari anayeandika dawa bila kupima humwona mbabaishaji. Kwa nyumba yake mwenyewe anataka dawa bila vipimo, kisha anastaajabu ugonjwa unapogeuka kuwa mwingine.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumejifunza nusu ya kwanza ya methali hiyo, yaani kuharakisha kuziba. Tumesahau kwamba anayeziba ufa lazima kwanza ajue umesababishwa na nini.

Kundi la pili ni yaliyofichwa, na hapa ndipo lawama kwa fundi huanza kuonekana ya kinafiki. Mwenye nyumba huita mafundi watatu. Wa kwanza anasema, "Bosi, siwezi kukutajia bei ya mwisho kabla sijafungua huu ukuta, na haya mabomba nadhani tutayabadilisha yote." Anataja kiasi kikubwa. Wa pili anataja kiasi cha kati. Wa tatu anaangalia huku na huku, anasema kazi ni ndogo, wiki mbili, na anataja nusu ya kiasi cha yule wa kwanza. Tunamchukua wa tatu. Yule wa kwanza tunamwita mwenye tamaa na namba yake tunaifuta.

Tafsiri ya kitendo hicho ni nyepesi. Tumeendesha mnada wa uongo na kumpa ushindi aliyeongopa vizuri kuliko wenzake. Fundi mkweli amerudi nyumbani bila kazi, na wiki ijayo, akiwa na watoto wa kulisha, naye atajifunza kusema "kazi ndogo". Soko linalomwadhibu msema kweli halina haki ya kulalamikia uongo. Rahisi ni ghali, tunasema kila siku, lakini methali hiyo huikumbuka mwenye nyumba siku ya kulipa na si siku ya kuchagua.

Wasomaji wangu mlioko serikalini mtakuwa mmeshaitambua sura hii. Mradi wa umma hutajwa kwa kiasi kitakachopita kwenye kikao, si kwa kiasi utakachogharimu. Ukishaanza, hauwezi kuachwa, na nyongeza zinaanza kuja moja baada ya nyingine. Mfano wa kimataifa unaojulikana zaidi ni jumba la Sydney Opera House nchini Australia. Mwaka 1957 lilikadiriwa kugharimu dola milioni 7 za nchi hiyo. Lilifunguliwa mwaka 1973 likiwa limegharimu dola milioni 102. Wanasiasa walitaka ujenzi uanze mwaka 1959 kabla michoro haijakamilika, kwa hofu kwamba wangechelewa mradi ungekufa. Matokeo yake, baadhi ya nguzo zilizokwisha kujengwa zilionekana kuwa dhaifu kwa paa lililokuja kubuniwa baadaye, ikabidi zijengwe upya. Huko ni kubomoa kabla ya kuuliza, kwa kiwango cha taifa. Wakuu wa miradi hujifunza tabia hii wapi, kama si majumbani?

Kundi la tatu ni yaliyotamaniwa. Katika karne ya 18 mwanafalsafa Mfaransa Denis Diderot aliandika insha ya kuchekesha kuhusu joho jipya la nyumbani alilopewa. Joho lilipendeza kiasi kwamba vitu vyake vyote vya zamani vilionekana vibaya mbele yake, akajikuta anabadilisha kiti, meza na picha za ukutani hadi akawa mtumwa wa joho. Baadaye, mwaka 1988, mwanaanthropolojia Grant McCracken alilipa jambo hilo jina la Diderot mwenyewe.

Jikoni kwetu joho hilo ni vigae. Vigae vipya vikishang'aa, kabati la mbao lililotumika kwa miaka 20 bila malalamiko linaonekana takataka. Kabati jipya likija, meza ya saruji haifai tena, inatakiwa graniti. Graniti ikiwekwa, taa moja ya katikati inaonekana ya kimasikini, na dari ya gypsum inaingia. Mlango wa kuelekea sebuleni ukiachwa wazi, sebule nayo inaomba. Sina ugomvi na tamaa ya kuishi mahali pazuri. Maskini pia wana haki ya urembo. Ugomvi wangu ni na uhasibu. Mwisho wa safari, tamaa hizo zote huandikwa kwenye akaunti ya fundi: "Aliniambia milioni mbili, amenifikisha saba." Aliyechagua graniti ni nani? Kwetu mara nyingi fundi hutoa nguvu na ujuzi tu, na vifaa hununuliwa na mwenye nyumba mwenyewe. Kwa maana hiyo mwenye nyumba ndiye mkandarasi wa kazi yake, ndiye afisa ununuzi, na ndiye mkaguzi. Nafasi zote tatu amezishika bila kujua, na zote tatu anamlaumu mtu mwingine kwa matokeo yake.

Sasa nije kwenye kosa la nne. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Nani hulala kwenye kitanda kiitwacho jiko? Katika nyumba zetu nyingi ni mama, au mabinti, au msichana wa kazi. Lugha yetu imekwenda mbali kiasi cha kusema kwamba mwanamume aliyeoa amepata jiko. Lakini siku jiko lenyewe linapokarabatiwa, fundi huitwa na baba, vipimo husimamiwa na baba, na mazungumzo yote hufanyika kwenye simu ya baba. Anayepika huliona jiko lake likiwa limekamilika kwa asilimia 70.

Ndipo maswali huanza, na yote ni ya haki. Sufuria la pilau haliingii kwenye hili sinki, tutaoshea wapi? Maji yakikatika ndoo na pipa vitakaa wapi? Meza ni ndefu, nitakatia mboga nikisimama juu ya kigoda? Mtungi wa gesi umewekwa ndani ya kabati lisilo na tundu la hewa. Swali hili la mwisho ni la uhai. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kujikusanya chini, hivyo dirisha la juu peke yake halitoshi. Mtu anayeinama kuwasha jiko kila alfajiri angeuliza hilo siku ya kwanza. Hakuulizwa. Kwa hiyo kabati linavunjwa, na kazi hiyo inalipiwa mara tatu: kujenga, kubomoa na kujenga tena. Katika gharama zote nilizozitaja, hii ndiyo ya aibu zaidi, kwa sababu kuizuia kungehitaji swali moja tu kwa mtu anayeishi nyumba hiyo hiyo.

Kwa nini mhadhiri ashughulike na sinki la mtu? Kwa sababu jiko limekuwa suala la sera. Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ni lengo jema, na moshi wa kuni na mkaa unaua. Lakini tumeona mitungi ikigawiwa kwenye hafla kana kwamba nishati safi ni mtungi pekee. Kuhama kutoka kwenye mkaa ni kubadilisha jiko: mahali pa mtungi, tundu la hewa, waya unaostahimili jiko la umeme, meza ya kuwekea. Familia inayoanza mabadiliko hayo na kuishiwa katikati hurudi uani na jiko la mkaa "kwa muda", na muda huo hugeuka kuwa miaka. Jiko lililokwama nusu si aibu ya mwenye nyumba tu. Ni mapafu ya anayepika.

Na yupo mwingine anayelipa. Fedha zinapokwisha, kazi huwa imefika kwa fundi wa mwisho, mara nyingi wa vigae au wa rangi. Huyo ndiye anayeambiwa "nitakutumia wikiendi". Ni kweli kwamba Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haikatai makubaliano ya mdomo. Lakini makubaliano ya mdomo yanahitaji ushahidi, na fundi anayeishi kwa ujira wa siku hana siku za kupoteza mahakamani akishindanisha neno lake na la bosi. Anachofanya ni kujihami: kwa mteja anayefuata atadai malipo ya awali makubwa zaidi, na akibanwa sana kwingineko atatumia fedha za mteja mpya kuziba pengo la mteja wa zamani. Tunapouona mwenendo huo tunasema tena, fundi ni mwizi. Hatuulizi ni nani aliyemdhulumu kabla hajafika kwetu.

Najua pingamizi litakalotolewa, na ni la maana. Watu wetu wengi hawana mikopo ya nyumba; hujenga kidogo kidogo, kadiri fedha zinavyopatikana, na kuwadai mipango ni kuwadai anasa. Siafiki. Kujenga kidogo kidogo ni mpango, tena mpango wa busara, pale kila hatua inapokamilika na kutumika kabla ya hatua inayofuata kuanza. Bibi aliyejenga chumba kimoja akahamia, kisha akaongeza cha pili, alikuwa mpangaji mzuri kuliko mtumishi mwenye shahada aliyebomoa jiko zima akiwa na fedha za sinki. Tofauti yao haikuwa kipato. Mmoja alijua hatua yake inaishia wapi.

Tufanye nini? Mapendekezo yangu hayahitaji utajiri. Kwanza, uchunguzi ulipwe kama kazi inayojitegemea, na fundi anayechunguza alipwe hata kama hatapewa kazi yenyewe. Pili, anayepika akae kwenye mazungumzo ya kwanza, na neno lake juu ya matumizi liwe la mwisho. Tatu, iandikwe karatasi moja kwa Kiswahili: kazi gani, vipimo gani, nani ananunua nini, malipo kwa hatua zipi, na nani ana mamlaka ya kuruhusu nyongeza. Nne, nyongeza yoyote itajwe bei na kutiwa saini kabla nyundo haijapigwa, hata kwa ujumbe wa simu. Tano, katika jengo la zamani itengwe sehemu ya tano ya fedha kwa yatakayofichuka, na sehemu hiyo isiguswe na graniti.

Serikali nayo ina wajibu. Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya mwaka 1997 iliunda Bodi inayowasimamia makandarasi, na ni jambo jema, lakini kazi ndogo ya jikoni hufanywa na mafundi walio nje ya macho yake. VETA ina vyuo vinavyofundisha ubomba, umeme, useremala na uwekaji vigae. Inashindikana nini kuwafundisha vijana hao pia kuandika makadirio ya ukurasa mmoja? Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu. Inashindikana nini kwa halmashauri kuchapisha mfano wa mkataba mdogo wa ukarabati na kuuweka bure katika kila ofisi ya kata? Wanafunzi wa sheria wanaweza kuuandika kwa wiki moja. Wanafunzi wa ukadiriaji majenzi wanaweza kuandaa orodha ya mambo ya kuchunguza kabla ya kubomoa. Wanaharakati wa nishati safi waanze kuhesabu majiko yaliyokamilika badala ya mitungi iliyogawiwa.

Na wewe unayesoma haya ukiwa umepanga kubadilisha sinki mwezi ujao, mwite leo yule fundi aliyekutajia bei kubwa ukamfuta. Mlipe nusu siku yake, mpe tochi, na mwombe mama wa nyumba asimame naye jikoni wakati anafungua.